Spika Iliyotazama Mlango

Katika majlisi yake mwenyewe, chumba cha kupokelea wageni wanaume, Mkaguzi alikaa mahali pabaya kuliko pote. Sisi wageni tuliegemea mito ya ukuta wa mbele, pale ambapo muziki ulitakiwa usikike vizuri. Yeye alijikunja kwenye kona, karibu na mlango wa kwendea ndani, bega moja limeegemea fremu ya mlango na dele la kahawa mbele ya magoti yake. Tulidhani ni adabu ya mwenyeji. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza kwa nini anakaa pale, na mimi, niliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye niliyepaswa kuuliza. Sikuuliza. Nilifanya kibaya zaidi, nilimrekebishia.

Tulimwita Mkaguzi kwa sababu ya kazi aliyoifanya katika wizara moja hapa Al Khuwair mpaka akastaafu, lakini hata angekuwa muuza samaki jina lile lingemfuata. Alikagua kila kitu. Ukimkaribisha kahawa kwako, aliipiga funda moja, akaitazama finjani kama mtu aliyekuta hesabu haikukaa sawa. "Kahawa yako imekutana na iliki njiani," alimwambia siku moja mkwe wangu, "lakini hawakusalimiana." Alikagua viatu vilivyoachwa mlangoni na kujua nani kaja na nani kakopa viatu vya kaka yake. Alikagua salamu. Kijana akimsalimia huku anatazama simu, alimrudisha nyuma mpaka getini aingie upya.

Alikagua na Kiarabu changu. Sisi tuliohamia nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja tulikuwa na Kiarabu cha aina nyingi, na changu kilikuwa cha dukani. "Kiarabu chako ni cha kununulia nyanya, yakhe," aliniambia mbele ya watu. "Usende nacho mahakamani." Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, maana ukinuna Mkaguzi alikukagua na kununa kwako.

Ulimi huo ulikuwa na upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimemdhulumu. Nilipovunjika goti, chakula kilikuja nyumbani kwangu kila mchana mpaka nikaweza kutembea. Hakuja yeye, kilikuja chakula tu, kimefunikwa, na mtu akakipokea mlangoni. Nilipokwenda kumshukuru alinitazama kama niliyemsingizia. "Chakula gani?" aliuliza. "Mimi sijui kupika." Kweli, hakujua. Aliyepika alikuwa mkewe, na mkewe hakutajwa. Nikasema, "Basi wape salamu nyumbani." Akasema, "Zitafika." Hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuyafanya juu ya mama yule.

Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume hamtaji mkewe mbele ya wanaume, na mwanamume mwenzake hamuulizi. Unauliza, "Nyumbani hawajambo?" naye anajibu, "Hawajambo," na kwa neno hilo moja mmeshamaliza habari za mtu mzima, maradhi yake na furaha zake. Niliwahi kumkuta Mkaguzi Mutrah, ameegesha gari mahali panapoonekana Bandari ya Sultan Qaboos, na meli kubwa ya watalii imefunga gati. Vioo vya gari vilikuwa vimeteremshwa. Nyuma alikaa mkewe, shela usoni, anatazama meli. Mimi nilimwona, na Mkaguzi aliona kwamba nimemwona. Nikainama dirishani nikamwambia, "Nyumbani hawajambo?" Akasema, "Hawajambo, alhamdulillahi. Nnatazama meli." Hivyo hasa ndivyo alivyosema, nnatazama, kana kwamba yuko peke yake. Nikaenda zangu. Wakati ule niliona tumefanya jambo la heshima. Sasa sijui tulifanya nini.

Kitu ambacho Mkaguzi hakukificha ni vyombo vyake vya muziki. Nilikuwa muuzaji katika duka la vyombo vya umeme kule Ruwi; elimu yangu ni ya sekondari, nyingine niliipata nyuma ya kaunta. Nusu ya vyombo vile nilimuuzia mimi, ndiyo maana jina langu kwake lilikuwa Muuza Masanduku. Palikuwa na mashine ya santuri, deki ya kanda, redio, sanduku la kupokea sauti zote hizo, amplifaya mbili nzito, moja ya spika ya kulia na moja ya spika ya kushoto, na sanduku moja jembamba lenye vitufe vya kupandisha na kushusha, vimejipanga kama meno, kila kitufe na tabaka lake la sauti, kuanzia besi mpaka ile nyembamba kabisa. Nyuma ya kabati palikuwa na msitu wa waya. Alisikiliza taarabu ya zamani, ile ya udi na fidla, kanda alizokuja nazo na nyingine alizowasumbua watu mpaka wakamnakilia.

Kuwasha vyombo vile kulikuwa na utaratibu, na kuzima kulikuwa na utaratibu kinyume chake. Amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa mwanzo, vinginevyo spika hupiga kishindo cha kupasua moyo. Wengi huwasha kwa makini, lakini wakati wa kuzima wameshachoka, wanaharibu. Mkaguzi alizima polepole, kidole kimoja, sanduku moja baada ya jingine, na wageni tukingoja tumeshika viatu. "Mtu humjui kwa anavyowasha," alipenda kusema. "Mngoje azime." Alikuwa akiwasema na watu kwa neno hilo, wakubwa waliostaafu vibaya, mabwana walioacha wake vibaya.

Lakini pamoja na ukaguzi wake wote, vyombo vile vilipangwa kimakosa, na kosa lenyewe lilionekana na mtu yeyote aliyeingia. Spika ya kulia ilitutazama. Ya kushoto ilikuwa imegeuzwa, imetazama mlango wa ndani. Na vile vitufe, katikati alikuwa amevipandisha juu kama nundu ya ngamia, pale kwenye sauti ya mwimbaji, na huko chini besi ameiachia kama mbuzi asiye na kamba. Ukikaa kwenye mito ulisikia mwimbaji kama anayeimba kwenye bomba na ukuta unaguna nyuma yake. Rafiki yetu mmoja alimwambia, "Spika yako imetususa, Mkaguzi, imetupa mgongo." Akajibu, "Imeziona sura zenu." Tukacheka, likaisha. Mimi moyoni nilishalitolea hukumu. Nilijisemea, masikio ya mzee yamekwisha, na hataki kuambiwa.

Kisha mkewe akaugua. Hatukuambiwa, tulijua kwa sababu jibu lilibadilika. "Nyumbani hawajambo?" "Wanaendelea." Baadaye akaja mwanamke wa Kikenya kumuuguza, jina lake Dorcas, akawa anapita getini na vifuko vya dawa. Mke wangu aliyekuwa akienda upande wa wanawake alisema mama yule amepooza upande mmoja, hawezi kuinuka, na kitanda chake kimewekwa kwenye chumba cha kukalia wanawake, ng'ambo ya ukumbi. Alisema hivyo na mimi nikasema, "Mungu amsahilishie," nikaendelea kunywa chai.

Mikono ya Mkaguzi nayo ilianza kutetemeka. Alasiri moja alikosea kuzima, spika zikapiga kishindo, na finjani moja ikaanguka. Mwanawe, ambaye anakaa Khuwair ya Kusini na huja kila Ijumaa, alinifuata nje akaniomba nimsaidie baba yake kupunguza vyombo. Aliniomba mimi, mtu niliyekuwa nimeshastaafu kuuza na bado mkono unaniwasha. Nilimwambia siku hizi kuna sanduku moja linalofanya kazi ya yote. Amplifaya moja, kitufe kimoja, muziki unatoka kwenye simu, na juu ya hayo inapima chumba. Unaweka maikrofoni ndogo pale anapokaa msikilizaji, sanduku linapiga mluzi kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, linasikiliza ukuta unavyoujibu, kisha linajirekebisha lenyewe. Besi inayoguna inakatwa, iliyopotea inarudishwa. Hata kama chumba ni kibaya, unasikia kama umekaa mbele ya wapigaji.

Mkaguzi hakutaka. "Masanduku haya yamenikosea nini?" aliuliza. Nikamweleza kwa urefu, kwa ule ulimi wangu wa dukani. Alinisikiliza akiitazama mikono yake. Halafu akaniuliza swali, na swali hili nimelibeba mpaka leo.

"Hicho kidude kinapima chumba gani?"

"Ulichomo," nikasema.

"Na vyengine?"

"Vyengine vya nini, Mkaguzi? Muziki unausikilizia chooni?"

Mwanawe alicheka. Mkaguzi alivuta dele karibu yake ingawa halikuwa na kahawa. Mimi kwa kuona nimeshinda nikaongeza, "Sikio huzeeka kama goti, yakhe. Hakuna aibu. Kiachie kidude kisikilize badala yako."

Akasema, "Haya."

Nilikuja siku ya pili. Niligeuza spika ya kushoto, nikainyoosha itazame mito kama mwenzake. Maikrofoni nikaiweka juu ya kigoda pale wanapokaa wageni, nikamwomba kila mtu atoke. Mluzi ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Kwenye simu ya mwanawe tuliona picha ya chumba: chini kabisa mlima wa besi, katikati mabonde. Kisha picha ya pili, tambarare. Nilijivuna kama niliyelima shamba. Tulipoweka wimbo wa kwanza, hata yule rafiki aliyelalamikia spika alifumba macho. Fidla ilikuwa pale, udi pale, mwimbaji katikati, unasikia anavuta pumzi. Watu walisema mashallah. Masanduku ya zamani mwanawe aliyapakia kwenye gari kwenda kwa mnunuzi niliyemtafuta mimi mwenyewe.

Mkaguzi alikaa kwenye kona yake, bega kwenye fremu. Hakuutazama muziki, aliutazama mlango. Wimbo ulipokwisha alisema, "Umelisawazisha, Muuza Masanduku." Nilidhani ni sifa.

Baada ya hapo majlisi ilianza kupoa. Tulikuja, tukanywa kahawa, na sanduku halikuwashwa. Tukimwomba aliwasha wimbo mmoja akazima. Kahawa yenyewe ilikuwa haina iliki na yeye hakuisema. Kisha watu wakaanza kupunguka, kila mmoja na udhuru wake.

Niliyajua yote kwenye duka la mikate. Dorcas alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje, maana yeye si wa kwetu na kwake naweza kuuliza. Alisema mama hali vizuri. "Kitu inamsumbua ni ile muziki," alisema. "Alikuwa anangoja hiyo saa ya jioni, mzee. Nilikuwa nafungua mlango kidogo, sauti inaingia mpaka kwa kitanda, hata ile mdundo unasikia kwa mbao. Alikuwa anaimba na hii upande moja ya mdomo. Sasa hakuna. Ananiuliza kila siku, wamezima? Mimi namwambia hawajazima mama, iko tu huko kwa wanaume. Anasema hapana, wangekuwa hawajazima ningesikia."

Nilirudi nyumbani bila mkate. Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Kwani hukujua?" alisema. "Sote tulikuwa tukisikiliza kule. Miaka yote. Ukiwa chumbani kwao mwimbaji yuko mbele yako kabisa. Alimpangia yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bwana. Nyinyi mkikaa kule sisi huwa hatupo."

Spika haikukosea. Nundu ya ngamia ilikuwa ya kupenyeza sauti ya mwimbaji mlangoni na kuivusha ukumbi, na besi iliachiwa ili ipite ukutani. Mkaguzi alikuwa amekipima chumba kwa masikio yake, akijikunja kwenye kona ile asikie kinachopita, na chumba chenyewe hakikuwa tulichokaa sisi. Alimfanyia mkewe majlisi mbele ya macho yetu na hatukuona, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa tusitazame upande ule.

Ningeweza kwenda siku ile ile. Kazi yenyewe ilikuwa kugeuza spika, kusogeza maikrofoni na kupima upya. Lakini ningemwambiaje? Ningesema nini, nimesikia mkeo haimbi? Ningebisha hodi niombe kuingia kwenye chumba alicholala mke wa mtu? Nilisema nitamwambia mwanawe Ijumaa. Ijumaa ile hakuja. Kisha nikasema nimwache kwanza Mkaguzi atulie. Kisha nikasingizia goti. Mtu akiwa na aibu hakosi sababu. Na Mkaguzi naye, nalisema hili nikijua sina haki kubwa ya kulisema, alikuwa na ulimi wa kumrudisha kijana getini kwa salamu, na hakuwa na ulimi wa kusema, "Muziki ule ni wa nyumbani." Maneno machache hayo yangetosha. Aliona bora mkewe akose kuliko amtaje. Mimi niliona bora akose kuliko niumbuke. Baina yetu wawili, mama yule alikaa kimya mpaka akafa.

Kwenye taazia nilisimama kwenye mstari kama wengine. Nikampa mkono, nikasema yanayosemwa. Alijibu yanayojibiwa. Hakunishika zaidi wala pungufu ya mtu aliye mbele yangu na mtu aliye nyuma yangu, na baada ya siku ile hakusema nami tena. Nikimpungia alinipungia. Nyumba zetu ziligusana ukuta na nikawa nasikia maji yake yanavyomwagika kwenye ndoo, basi.

Kisha siku moja Mkaguzi alinipigia simu mwenyewe, wakati mwanawe ameshaamua amhamishie kwake. Alisema, "Njoo. Ukija na simu yenye ile programu, vizuri." Alinipokea getini. Ulimi wangu ulishaanza, kwa mazoea, "Nyumba—" nikaumeza. Aliona. Aliona kila kitu, hilo halikubadilika.

Majlisi ilikuwa mazulia yamekunjwa na mito imefungwa kamba. Lilibaki sanduku lile moja na spika mbili. Nilidhani anataka nivifungashe vyombo. Yeye alipita, akafungua mlango wa ndani, akasema, "Pita." Nilikuwa sijawahi kuuvuka mlango ule. Ukumbi ulikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri, hatua chache tu za mzee. Chumbani kitanda kilikuwa bado kipo, kimevuliwa shuka, mto juu ya godoro tupu. Mkaguzi alinyoosha mkono, nikampa maikrofoni. Aliilaza juu ya mto, akaigeuza kidogo, akairudisha.

"Pima hapa," alisema.

Nilirudi majlisini, nikageuza spika ya kushoto itazame mlango. Hakuniambia. Mluzi ukaanza, ukapita ukumbini, ukarudi. Alisimama kando ya kitanda muda wote, ameshika nguzo yake. Sanduku lilipomaliza niliweka wimbo, nikaenda nikasimama kizingitini pa chumba kile, si ndani.

Haukuwa kamili, na sitasema ulikuwa kamili. Fidla ilikuwa mbali. Lakini mwimbaji alikuja. Alivuka ukumbi na kusimama pale chumbani, neno kwa neno, na besi ilitikisa mbao za kitanda polepole. Tuliusikiliza wote mpaka mwisho.

"Imechukua muda gani?" aliuliza.

"Mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

"Wa kunywa finjani moja."

Alitikisa kichwa kama anayesikia hesabu na kuikubali.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, na vyengine?" Kisha akalitaja jina la mkewe. Alilitaja wazi, mbele yangu, kama anavyolitaja mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Miaka yote ya ujirani nilikuwa silijui. Sitaliandika hapa, halikuwa langu. "Alikuwa akikupikia," alisema. "Ulipovunjika goti. Akasema yule muuza masanduku anapenda mchuzi wa nazi mzito. Sijui alijuaje."

Wimbo mwingine ulikuwa umeanza wenyewe, maana vyombo vya siku hizi havingoji. Mkaguzi aliichukua maikrofoni juu ya mto, akanikabidhi.

"Kazime," alisema.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya sanduku na mkono ukatafuta pa kuanzia, kipi mwanzo, kipi mwisho, kama alivyokuwa akifanya yeye na sisi tukingoja na viatu mkononi. Hapakuwa na mwanzo wala mwisho. Palikuwa na kitufe kimoja, nilichomchagulia mwenyewe. Nikabaki nimesimama.

"Muuza Masanduku," alisema kutoka chumbani, na sauti yake ilinifikia vizuri kabisa. "Nnangoja uzime."

Nikabonyeza. Ikakatika yote kwa mara moja.